Utrogestan haipatikani, jeli ipo: nifanye nini?

SWALI

Dada mfamasia, salamu. Nina miaka 53, mzaliwa wa Tanga, nakaa Leicester na nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Hedhi ilikatika nikiwa na miaka 51. GP, yaani daktari wangu wa zahanati, aliniandikia Oestrogel, jeli ya estrojeni ya kupaka, pampu mbili kila asubuhi, na kidonge cha projesteroni, Utrogestan ya miligramu 100, kila usiku, nikaupata tena usingizi wangu. Sasa hii ni wiki ya tano famasia wananiambia Utrogestan hakuna. Nimeendelea na jeli peke yake, ila napaka pampu moja tu ili nayo isije ikaniishia. Mwenzangu kazini amenipa nusu pakiti ya vidonge vyake vya homoni nijishikizie. Dada yangu wa Tanga anasema Primolut N zimejaa madukani, yuko tayari kunitumia, ingawa yeye angependa niache kabisa kwa kuwa bibi zetu hawakutumia vitu hivi. Kizazi changu kipo. Nilipojifungua mtoto wa pili damu iliganda mguuni, nikadungwa sindano miezi mitatu. Nifanye nini?

JIBU

Dada yangu, tuanze na hiyo jeli unayopaka sasa, maana ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko dawa uliyoikosa.

Estrojeni ikiingia mwilini huuambia utando wa ndani wa kizazi ukue. Projesteroni ndiyo inayouzuia usinenepe kupita kiasi. Mwanamke mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake kwa miezi mingi, utando ule unazidi kunenepa, na kwa baadhi ya wanawake chembechembe zake hubadilika mpaka zikawa saratani. Kwa sababu hiyo uliandikiwa dawa mbili. Wengi hudhani Utrogestan wamepewa kwa ajili ya usingizi, kwa kuwa kweli inaleta usingizi na humezwa usiku, kwa hiyo ikikosekana wanaona wamepoteza usingizi tu. Kazi yake hasa ni kulinda kizazi. Na kupunguza jeli kutoka pampu mbili hadi moja hakukuvushi: pampu moja bila projesteroni bado ni estrojeni isiyo na mlinzi.

Wiki tano hazinifanyi nikutie hofu. Madhara ninayoyasema hujengeka polepole. Lakini sitaki wiki ya sita wala ya saba ikukute hivyo hivyo. Wasiliana na GP wako leo au kesho. Kama mbadala wa projesteroni hautapatikana ndani ya siku chache, mwulize kuhusu kusimamisha na jeli pia mpaka dawa zote mbili ziwe mkononi. Najua ninachokuomba. Joto litakupanda tena, shuka zitalowa usiku, na asubuhi unatakiwa ukawainue watu vitandani. Hata hivyo, kwa mwanamke wa umri wako, kukaa wiki chache bila homoni hizi kunachosha lakini hakuumizi mwili. Ningezungumza tofauti na aliyekatika hedhi kabla ya miaka 40: huyo anazihitaji kwa ajili ya mifupa na moyo wake, na hatakiwi kukaa na pengo refu. Kwake GP anapaswa kutafuta njia nyingine haraka.

Sasa hilo "hakuna" uliloambiwa. Nimesimama nyuma ya kaunta ya famasia miaka mingi hapa Uingereza na nimelitamka mara nyingi, kwa hiyo nikueleze linachoficha. Cheti chako kimeandikwa Utrogestan, na hilo ni jina la biashara. Dawa iliyomo ndani ni projesteroni, na hapa nchini kuna kidonge laini kingine chenye projesteroni ile ile ya miligramu 100, kiitwacho Gepretix. Inawezekana kabisa kwamba siku uliyoambiwa hakuna, Gepretix ilikuwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wa mfamasia na hakuruhusiwa kukupa. Cheti kikitaja jina la biashara, sheria inatubana tutoe hilo hilo. Kikisema tu "projesteroni, vidonge vya miligramu 100", tunatoa chochote kilichopo chenye dawa hiyo. Wanawake wengi wanahangaika kwa sababu ya jina moja kwenye karatasi, na hakuna aliyewaambia kwamba homoni yenyewe ipo.

Kwa hiyo nenda famasia kwanza kabla ya kumpigia GP. Usimwulize mfamasia, "Utrogestan imekuja?" Mwulize, "Leo unaweza kupata projesteroni gani?" Ataangalia kwenye kompyuta. Sisi huagiza kwa wasambazaji wa jumla kadhaa, na kila mmoja ana ukurasa wake unaoonyesha kipi kipo ghalani na kipi kimeisha. Ni kazi ya dakika mbili au tatu. Akikutajia jina, liandike pamoja na miligramu zake, kisha ndipo uende kwa GP. Zahanati nyingi siku hizi hutaka ujaze fomu ya mtandaoni. Andika kwa maneno machache kwamba una kizazi, unatumia estrojeni, projesteroni yako haipatikani kwa wiki tano, famasia fulani inaweza kupata Gepretix, na kwamba unaomba cheti kipya leo. Taja na historia ya mguu wako. Ujumbe wa namna hiyo daktari anaumaliza kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Ukiandika tu "dawa yangu ya homoni imekosekana", unaweza kupangiwa miadi ya wiki tatu zijazo.

Kuna jambo la vyeti vya kielektroniki ambalo nililijua kwa uchungu. Hapa Uingereza cheti hutumwa kwa kompyuta kwenda famasia uliyoichagua, na famasia hiyo ikishakivuta, nyingine haiwezi kukiona. Mwaka 2022, siku za uhaba mkubwa, nilimwambia mama mmoja, "Jaribu kwingine," nikamhudumia aliyefuata. Alizunguka famasia nne mvua ikinyesha, na kila alipofika aliambiwa hana cheti, kwa kuwa kilikuwa bado kwangu. Alirudi jioni, viatu vimelowa, akiwa amebana vidole vyake kwenye ukingo wa kaunta. Hakunigombeza. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu aende kwingine bila kwanza kukirudisha cheti chake kwenye mfumo wa NHS, huduma ya afya ya taifa, na kumpa karatasi yenye mistari ya kuskani. Wewe omba hivyo hivyo: "Tafadhali kirudishe cheti kwenye mfumo, unipe na karatasi yake." Ukiwa nayo, famasia yoyote ya England itakivuta, na cheti cha kawaida kinadumu miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa. Kama zimo dawa mbili, waombe wakutolee iliyopo na ile isiyokuwepo iende kwingine, na kama haitengani, GP aandike kila moja kwenye cheti chake. Pia piga simu kabla ya kutoka. Duka dogo la mtaani wakati mwingine huwa na boksi ambalo duka kubwa la mjini halina, kwa sababu wanaagiza ghala tofauti.

Huenda unajiuliza uhaba huu unatoka wapi. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, uliwatisha wanawake dunia nzima kuhusu homoni, nao wakaziacha kwa mamilioni. Wanawake wa utafiti ule wastani wao ulikuwa miaka 63, na vidonge walivyomeza vilikuwa tofauti na hivi vyako. Baadaye picha ilieleweka vizuri zaidi, na mwaka 2015 mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu hapa Uingereza, ukawaambia madaktari wasiogope kuwaandikia wanawake wanaofaidika. Mazungumzo yakahamia kwenye televisheni na magazetini, na wanawake wakaingia zahanati kwa wingi kudai walichonyimwa. Ndani ya mwaka mmoja wa fedha, 2022 hadi 2023, dawa za homoni zilizotolewa kwa vyeti vya NHS katika England zilifika karibu milioni 11, karibu nusu zaidi ya mwaka uliotangulia. Viwanda haviongezi uzalishaji kwa kasi hiyo. Na jeli yako na vidonge vyako vinatoka kwa kampuni moja, Besins Healthcare, kwa hiyo kampuni hiyo ikielemewa, mtu kama wewe anaguswa pande zote mbili.

Mwezi wa Aprili 2022 serikali iliunda kikosi maalumu cha dawa hizi chini ya Madelaine McTernan, aliyetoka kwenye kazi ya chanjo za korona, na wizara ya afya ikaanza kuzitolea dawa hizi kibali kinachoitwa SSP (Serious Shortage Protocol). Nakuomba ulikumbuke jina hili. Dawa ikiwa adimu sana, wizara inaweza kutoa SSP inayomruhusu mfamasia ama akupe kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa, ama akupe dawa nyingine iliyotajwa kwenye kibali hicho, bila kukurudisha kwa daktari. Oestrogel iliwahi kuwekewa kikomo cha miezi mitatu kwa kila mtu, na Utrogestan miezi miwili. Kila SSP ina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na una haki ya kuikataa na kurudi kwa GP. Mwulize mfamasia wako, "Kuna SSP ya dawa hii sasa hivi?" Ikiwepo, huenda ukatoka na dawa siku hiyo hiyo.

Na Gepretix nayo ikikosekana? Kwako jibu linapitia kwenye ule mguu. Historia ya damu kuganda inabadilisha karibu kila kitu, na nafurahi uliitaja ingawa ni ya zamani. Estrojeni ya kumeza hupita kwenye ini kwanza na kuongeza uwezekano wa damu kuganda. Ile ya kupaka au kubandika kwenye ngozi, kwa dozi za kawaida, haijaonekana kuleta hatari hiyo. Sina shaka GP alikuandikia jeli kwa sababu hiyo. Upande wa projesteroni pia, kwa mtu wa historia yako, madaktari hupendelea ile yenye umbile sawa na ya mwili, yaani Utrogestan au Gepretix, au kitanzi chenye homoni, mfano Mirena, ambacho homoni yake hufanya kazi zaidi pale pale kwenye kizazi. Kitanzi kinalinda kwa miaka mitano, na kwa miaka hiyo hutafuti tena vidonge vya usiku. Kuwekwa kunauma kwa baadhi ya wanawake, hasa baada ya hedhi kukatika, sitakuficha. Omba dawa ya ganzi na usione haya kuomba. Rafiki zako wengine watakuambia habari ya plasta ya pamoja, Evorel Conti, yenye estrojeni na projestojeni (homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni) ndani ya kibandiko kimoja kinachobadilishwa mara mbili kwa wiki. Kwa wanawake wengi ni mkombozi wakati wa uhaba, kwa kuwa inachukua nafasi ya dawa zote mbili. Kwako isiwe ya kwanza. Projestojeni yake ni norethisteroni, na hilo inafaa ulijadili na daktari anayejua habari ya mguu wako.

Norethisteroni hiyo hiyo ndiyo iliyomo ndani ya Primolut N ya dada yako. Kwetu pwani wanawake wengi wanaijua tangu safari za Hija, wanaimeza ili hedhi isiwakute njiani, kwa hiyo inaonekana dawa ya nyumbani isiyo na neno. Lakini sehemu ya norethisteroni ikishamezwa hugeuka mwilini ikawa aina ya estrojeni kali iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango, na kwa dozi zile za kuzuia hedhi jambo hilo lina uzito kwa mtu aliyewahi kuganda damu. Mshukuru dada, mwambie asitume. Nusu pakiti ya mwenzako nayo mrudishie. Hukuniambia ni vidonge gani, lakini vidonge vya homoni vya kumeza mara nyingi vina estrojeni, na estrojeni ya kumeza ndiyo GP wako aliyoikwepa. Najua alikupa kwa upendo. Mwaka 2022 magazeti ya hapa yaliandika habari za wanawake waliokutana kwenye maegesho ya magari kuuziana na kubadilishana dawa hizi, na siwalaumu hata kidogo, maana mtu aliyekaa usiku kumi bila kulala hufanya chochote. Ila dawa iliyochaguliwa kwa ajili ya mwili wake haikuchaguliwa kwa ajili ya wako. Na usinunue kwenye tovuti inayokuuzia bila kukuuliza swali lolote kuhusu afya yako.

Huenda kesho ikakosekana jeli, kwa hiyo nikupe na hesabu zake ujue cha kuomba. Chupa ya Oestrogel ya gramu 80 hutoa pampu 64, maana yake kwa pampu mbili kwa siku inakaa siku 32. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua chini ya chupa, na uombe nyingine ikibaki wiki mbili, si siku mbili. Pampu mbili kwa siku zinakaribiana na plasta ya maikrogramu 50, au Sandrena ya miligramu moja, ambayo ni jeli ya vipakiti, au mipulizo mitatu ya Lenzetto inayopulizwa mkononi. Nasema zinakaribiana, kwa kuwa ngozi za watu hazinyonyi sawa, na wiki mbili tatu za mwanzo unaweza kuhisi tofauti. Plasta za 50 zikiisha, mbili za 25 zikibandikwa pamoja zinafanya kazi ile ile, lakini zinahitaji cheti kilichoandikwa hivyo. Suala la kukata plasta liache mpaka uwe umemwonyesha mfamasia boksi lenyewe, kwa maana si kila plasta inakatika bila kuharibika.

Gharama pia. Ukiandikiwa upya mara mbili tatu kwa sababu ya uhaba, unalipia kila mara, na kwa mshahara wa nyumba ya wazee si haki. Tangu Aprili 2023 kuna kadi ya malipo ya awali ya dawa za homoni za ukomo wa hedhi. Inagharimu pauni 19.80 kwa mwaka mzima, sawa na bei ya dawa mbili tu, na inafunika dawa zote zilizo kwenye orodha yake hata zikibadilishwa kila mwezi. Unaweza kuinunua kwenye baadhi ya famasia au kwenye tovuti ya NHS. Hii ni kwa England. Ndugu walioko Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za vyeti ni bure.

Dada yako anasema bibi zetu hawakutumia. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba wengi wao waliamka usiku wakajimwagia maji ya mtungi uani, na hakuna aliyewauliza wanaendeleaje. Ukiamua siku moja kuacha homoni, iwe kwa sababu umetosheka nazo, umepanga na daktari wako na unajua njia nyingine zilizopo. Usiache kwa kuwa boksi moja halikufika kwenye duka moja.

Jambo moja sikuliona kwenye barua yako, sijui ni kwa sababu halikutokea au hukuona lina uzito. Kama katika wiki hizi tano umetokwa na damu ukeni, hata matone ya kuchafua chupi tu, liandike mwanzoni kabisa mwa ujumbe wako kwa GP, kabla ya habari ya dawa. Kwa mwanamke ambaye hedhi ilishakatika, damu hiyo inachunguzwa, mara nyingi kwa ultrasaundi ya kupima unene wa utando wa kizazi, na mara nyingi huonekana hakuna baya. Na kama itatokea baada ya kuanza dawa mpya, pia waambie, ueleze na zile wiki ulizopaka jeli peke yake.